Nukta Nyekundu Haikulengei

Mtu akisema anataka kuweka saiti ya nukta nyekundu kwenye bastola yake, ushauri haumpiti. Ataupata dukani, ataupata kwa askari mstaafu, ataupata kwa kijana aliyeshinda mashindano juzi, na kila mmoja atampa sentensi moja fupi kana kwamba hakuna la kuongeza. Baadhi ya sentensi hizo zilikuwa kweli zamani, vifaa vilipokuwa dhaifu. Nyingine ni kweli kwa nusu tu. Na zipo zinazomfanya mwenye silaha atoe dola 500, kisha atembee na bastola ambayo saiti yake inacheza juu ya slaidi bila yeye kujua. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu risasi iliyokosea njia haiishii hewani. Nitayachukua madai hayo moja moja.

Kwanza, kifaa chenyewe si kipya. Howard Grubb wa Dublin alibuni saiti ya kioo kinachoakisi alama mwaka 1900. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa ya kwanza ya umeme mwaka 1975. Mwaka 1990 Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia wa mashindano ya shabaha ya IPSC mjini Adelaide kwa bastola yenye nukta, ila wakati ule saiti ilikuwa bomba kubwa lililofungwa kwenye fremu, na hakuna ambaye angelibeba kiunoni chini ya koti. Kilichobadilisha mambo ni kupungua kwa ukubwa na kuongezeka kwa uimara. Trijicon ya Michigan ilitoa RMR mwaka 2009, ndogo kiasi cha kukaa juu ya slaidi inayokwenda nyuma na mbele kwa kila risasi. Glock wakaleta toleo la MOS mwaka 2015, slaidi ikiwa imeshakatwa nafasi kiwandani, na jeshi la Marekani lilipochagua M17 mwaka 2017, bastola hiyo nayo ilikuja na nafasi ya saiti. Soko kubwa liko Marekani na ubishi mwingi unaanzia huko, lakini unafika mpaka kwa wapiga shabaha wenye leseni wanaokutana Kirigiti, Kiambu, ukiwa na makosa yake yote.

“Hiyo ni leza, adui ataiona kifuani pake.”

Hapana. Leza hutupa mwanga hadi kwenye shabaha. Hii haitupi kitu mbele. Taa ndogo ya LED iliyo nyuma ya kifaa humulika lenzi. Lenzi imepakwa utando unaorudisha mwanga mwekundu na kupitisha rangi nyingine. Mwanga huo humrudia mlengaji ukiwa umenyooka sambamba, na jicho huuona kama nukta inayoelea mbali, kule kule iliko shabaha. Ukiondoa jicho nyuma ya kioo, hakuna nukta popote. Usiku wa giza, mwanga ukiwa umepandishwa sana, aliye mbele yako anaweza kuona mng'ao kidogo kwenye lenzi, na dawa yake ni kuupunguza. La kushika hapa ni hilo la nukta kuonekana mbali, maana ndilo linalojibu nusu ya madai yanayofuata.

“Ukiifunga tu, unakuwa mwepesi.”

Dai hili linauza saiti nyingi, na linawavunja moyo watu wengi wiki ya kwanza. Kwa hesabu ya mezani lina mantiki. Saiti za chuma zinakudai upange vitu vitatu: mwanya wa nyuma, kinara cha mbele na shabaha. Nukta inakudai viwili. Lakini mwangalie mtu aliyezoea chuma miaka kumi anapochomoa bastola yenye nukta kwa mara ya kwanza. Bastola inafika usawa wa macho, mikono imenyooka, na kioo ni kitupu. Anainamisha mdomo wa bastola, anauinua, anauzungusha. Nukta inakatiza kwenye kona moja na kutoweka. Mwenzake wa chuma ameshapiga mbili.

Sababu yake inaeleweka. Kinara cha chuma unakiona tangu bastola ikiwa bado inapanda, na mkono unajirekebisha njiani bila wewe kutambua. Kioo cha nukta hakikupi taarifa hiyo. Pembe ikipotea kidogo tu, nukta iko nje ya dirisha, na dirisha tupu halikuambii umepotea juu au chini. Uzembe ambao chuma kilikuwa kikiusitiri, nukta inauanika.

Dawa yake haiuzwi dukani. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho na uiguse kwa kidole, peleka risasi zote chumba kingine, kisha chagua alama ndogo kwenye ukuta ambao risasi haiwezi kuupenya. Kaza macho kwenye alama, si kwenye bastola, halafu lete bastola mbele ya macho polepole. Ukikuta nukta haipo, usiisake kwa kuchezesha mdomo wa bastola. Irudishe ilikotoka, uanze upya. Mara nyingi kosa liko kwenye mshiko: kidole cha pete na kidole kidogo vikilegea, mdomo unanyanyuka na nukta inapotelea juu ya dirisha. Mikono ikishajifunza njia moja, nukta itakuwa inakusubiri. Hilo huchukua wiki kadhaa za mazoezi mafupi ya kila siku, na asiyekuwa tayari kuyafanya ni bora abaki na chuma, wala hatakuwa amepungukiwa.

Hata baada ya mazoezi, umbali ndio unaoamua. Kwenye mita 3 hadi 5, mwenye saiti za chuma anayejua kazi yake hapitwi kwa kitu cha maana. Kuanzia mita 15 kwenda mbele, hasa shabaha ikiwa ndogo au ikiwa inasogea, ndipo nukta inapolipa gharama yake.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wageni wa kifaa hiki. Nukta inatetemeka. Chuma nacho kilikuwa kinatetemeka, ila hukukiona. Anayeanza huiona nukta ikicheza, akasubiri itulie katikati, na ikikatiza pale anaibamba kwa kuipiga triga kwa nguvu. Kwa anayetumia mkono wa kulia, risasi inashuka chini kushoto. Iache icheze ndani ya eneo unalolitaka, wewe vuta triga taratibu bila kusita. Nukta haikulengei. Inakuonyesha unavyolenga, na kwa mwenye nia ya kujifunza hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

“Ni ya wazee wenye macho mabovu.”

Inawasaidia wazee kweli, na sioni aibu iko wapi. Baada ya miaka arobaini hivi lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu, ndiyo maana watu husogeza gazeti mbali. Kinara cha bastola, mikono ikiwa imenyooka, hukaa mahali pabaya kabisa kwa mtu huyo: ni mbali mno kwa miwani ya kusomea, ni karibu mno kwa miwani ya kuonea mbali. Wapo wapiga shabaha hodari walioanza kujiona wameisha kwa sababu hiyo tu, ilhali mikono yao ilikuwa bado ni ileile. Kwa hao, nukta inayoonekana mbali pamoja na shabaha inarudisha mchezo.

Lakini kijana naye anafaidika, na hapo ndipo dai linapoanguka. Jicho la umri wowote haliwezi kuona kwa usahihi kitu cha karibu na cha mbali kwa wakati mmoja. Saiti za chuma zinamtaka mtu aondoe macho kwa yule anayemtisha ayarudishe kwenye kipande cha chuma, na mtu aliyeogopa hafanyi hivyo kwa urahisi. Macho yake yanabaki kwa aliye mbele yake. Nukta inakubaliana na maumbile hayo: unaendelea kuangalia mikono ya mtu iko wapi, ameshika nini, nani amesimama nyuma yake. Kwa anayebeba bastola kujilinda, mambo hayo ni mazito kuliko kasi. Kuna wakati kuona vizuri ndiko kunakomfanya mtu asifyatue, simu mkononi mwa mtu ikatambulika kuwa ni simu. Mimi ningeinunua kwa sababu hiyo peke yake.

“Nukta yangu ina mikia, nimeuziwa mbovu.”

Kabla ya kurudi dukani na hasira, hakikisha bastola ni tupu, weka kamera ya simu nyuma ya kioo, piga picha. Nukta ikitoka duara safi kwenye picha, kifaa ni kizima na kasoro iko jichoni. Watu wengi wana konea isiyoviringana sawasawa, kasoro ambayo daktari wa macho huiita astigimatizimu, na wengine hawajawahi kuijua kwa sababu shughuli za kila siku haziwaletei nukta moja kali ya mwanga mbele ya macho. Wao huona koma, au nyota, au nukta mbili zilizopandana. Miwani sahihi ya kuonea mbali huisafisha mara nyingi. Kupunguza mwanga nako husaidia, na hapa wengi hujiharibia wenyewe: wanaweka mwanga mkali wakidhani ndio ubora, nukta inafutuka na kufunika nusu ya shabaha. Nukta ya kijani huwa safi zaidi kwa baadhi ya macho, si kwa yote, kwa hiyo usiagize kijani kabla ya kuitazama kwa jicho lako.

“Betri itazimika siku unayoihitaji.”

Zamani hofu hii ilikuwa na haki yake. Leo RMR inatumia betri moja ya CR2032, ile bapa ya duara, na Trijicon wanaahidi miaka 4 mfululizo mwanga ukiwa kiwango cha 4 kati ya 8. Aimpoint wanataja saa 50,000 kwa ACRO P-2, yaani zaidi ya miaka 5. Holosun wanataja saa kama hizo kwa 507C, tena hiyo hujizima ikitulia na kuamka ikitikiswa. Ahadi za watengenezaji hupimwa kwa mwanga wa wastani, na ukiupandisha hesabu hushuka haraka. Hata hivyo, gawanya kwa nne na bado unabaki na mwaka mzima. Badilisha betri mara moja kwa mwaka, tarehe usiyoweza kuisahau, na hofu imekwisha.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni betri inaingilia wapi. RMR ya kawaida inaihifadhi tumboni: lazima uifungue saiti kutoka kwenye slaidi, ubadilishe, ufunge tena, kisha uende uwanjani kuhakikisha risasi bado zinafika pale pale. SRO ya kampuni hiyohiyo inafunguliwa juu; 507C ina droo ndogo ubavuni. Kwa anayeishi mbali na uwanja wa shabaha, urahisi huo una thamani kuliko miaka miwili ya ziada iliyoandikwa kwenye boksi. Na betri yenyewe inunuliwe kwa muuzaji anayeaminika, kwa sababu CR2032 bandia zipo, nazo hufa bila taarifa.

“Nukta ndogo ndiyo sahihi zaidi.”

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa MOA, yaani dakika ya pembe, sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Kwa umbali wa mita 25, MOA 1 ni kiasi cha milimita 7. RMR inauzwa ikiwa na nukta ya MOA 1, 3.25 au 6.5. Kwenye mita 25 hiyo ya kati inafunika milimita 24 hivi, na ile kubwa inafunika milimita 47. Sasa linganisha na duara la katikati la shabaha ya mashindano ya IDPA, lenye upana wa sentimita 20: nukta kubwa kabisa haifiki hata robo ya upana wake. Kwenye mita 7, nukta hiyohiyo ya 6.5 inafunika milimita 13 tu. Anayeshindana kwa mita 50 ana sababu ya kutaka ndogo. Anayebeba bastola ya kujilinda anahitaji nukta atakayoiona mara moja jua likiwa utosini, bila kulazimika kuipandishia mwanga. Kati ya MOA 3 na 6 huwafaa watu wengi. Wenye kupenda 507C wanaweza kuwasha duara la MOA 32 linaloizunguka nukta ya MOA 2. Duara hilo humsaidia anayeanza kujua nukta imekimbilia upande gani.

“Nukta isipokuwa katikati ya kioo, risasi inakwenda kando.”

Mpiga shabaha aliyefundishwa na chuma anaamini hivi kabisa, kwa sababu kwenye chuma ni kweli. Kwenye nukta, mwanga unarudi sambamba, kwa hiyo kwa nadharia kosa haliwezi kuzidi umbali wa nukta kutoka katikati ya kioo. Kioo cha RMR kina upana wa milimita 22. Nukta ikiwa imebanwa ukingoni kabisa, risasi inakosea milimita 11 hivi, iwe mita 7 au mita 25. Lenzi halisi haikamiliki kama ile ya kwenye karatasi, basi ongeza kidogo. Nukta ikiwa juu ya shabaha, fyatua. Anayepoteza muda kuirudisha katikati ya dirisha ananunua milimita kwa bei ya sekunde.

“Saiti yoyote inakaa kwenye bastola yoyote.”

Fedha nyingi hupotea hapa, na hapa ndipo ningemtaka mnunuzi atumie muda wake mwingi. Kila familia ya saiti ina mpangilio wake wa matundu ya skrubu na vishimo vya vigingi. RMR na SRO zina mmoja, na 507C inaufuata huohuo. DeltaPoint Pro ya Leupold ina wake. Saiti nyembamba za bastola ndogo hufuata ule wa Shield RMSc au mwingine unaokaribiana nao, na kukaribiana si kulingana: vigingi vya slaidi vinaweza kugonga tumbo la saiti usiweze kuikalisha. ACRO yenyewe haifungwi kwa skrubu za juu kabisa, inabana ubavuni. Kwa hiyo anza na bastola uliyo nayo, ujue slaidi yake imekatwa kwa mpangilio upi, ndipo uangalie saiti.

Mabamba ya kufungia saiti, kama ya MOS, yanakuruhusu kubadili saiti bila kugusa slaidi, lakini yanaongeza kiungo. Sasa kuna skrubu zinazoshika bamba kwenye slaidi, na nyingine zinazoshika saiti kwenye bamba, na saiti imepanda juu zaidi. Slaidi iliyochongwa kwa saiti moja inashika vizuri zaidi na saiti inakaa chini, ila umejifunga kwayo. Wenye Ceska za zamani, ambazo slaidi zake hazikuwahi kukatwa, njia yao ni kuchonga, na hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni. Slaidi ya Ceska CZ 75 hupita ndani ya fremu na si ya kimo kirefu. Mwenye mashine ya kuchonga vyuma asiyeijua bastola hiyo ataidhoofisha mahali ambapo haitakiwi kudhoofika.

Halafu zinakuja skrubu. Slaidi inarushwa nyuma na kusimamishwa ghafla, inarudishwa mbele na kusimamishwa tena, na saiti inasafiri nayo kila mara. Skrubu mbili ndogo ndizo zinazobeba vishindo hivyo. Wengi huzikaza kwa kukisia, mara legevu, mara kwa nguvu hadi uzi wa skrubu unakatika.

Utaratibu ulio salama ni huu. Safisha mafuta yote kwenye skrubu na ndani ya matundu kwa spiriti, pakauke kabisa. Hakiki urefu wa skrubu: kwenye Glock, skrubu ya upande wa kulia ikizidi urefu inaweza kugusa mfereji wa pini na springi inayosukuma kulabu ya kuchomolea maganda, na bastola ikaanza kukwama bila sababu unayoiona kwa nje. Weka tone dogo la gundi ya skrubu ya bluu, ile inayofunguka kwa zana ya kawaida. Nyekundu huhitaji moto ili ifunguke, na moto utaua umeme wa saiti. Kaza kwa bisibisi inayopima nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji. Trijicon wanataja inchi-pauni 12 kwa RMR, nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Iache usiku kucha. Mwishoni chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa saiti, na uwe unautazama kila unapoishika bastola. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Mtu akilalamika kwamba saiti haishiki shabaha, skrubu ndizo za kukaguliwa kwanza, kioo baadaye.

Ukishafunga, linganisha nukta na risasi kwenye mita 25 ukiwa umeegemeza mikono. Fahamu kwamba saiti iko juu ya mtutu kwa kiasi cha sentimita 2 na nusu, kwa hiyo bastola ya 9mm iliyolinganishwa kwa mita 25 itapiga karibu sentimita 2 chini ya nukta kwenye mita 3, na chini ya sentimita moja kwenye mita 10. Usiigeuzegeuze saiti ukidhani imeharibika.

“Iliyozibwa pande zote ndiyo ya kisasa, ya wazi imepitwa na wakati.”

Tangu Aimpoint walete ACRO P-1 mwaka 2019, na Holosun 509T mwaka uliofuata, saiti zilizozibwa zimepata sifa, na sifa hiyo ni ya haki. Kwenye saiti ya wazi taa ya LED iko nje. Tone moja la mvua likiikalia, nukta inageuka madoa. Nyuzinyuzi za shati na vumbi hufanya hivyohivyo polepole bila wewe kujua. Kwa anayebeba kila siku ndani ya nguo, katika jasho la Mombasa au vumbi la Kajiado, iliyozibwa inastahili bei yake. Anayepiga shabaha Jumamosi na kufunga bastola sefuni atafurahia zaidi dirisha kubwa la SRO, na kijiti cha pamba kinamtosha kwa usafi. Hakuna iliyokingwa na ukungu wa nje, hata hivyo. Toka kwenye gari lenye kiyoyozi uingie kwenye joto la pwani, na kioo kitafunikwa kama miwani yako inavyofunikwa. Dawa ya kuzuia ukungu ipakwe kabla.

“Ukiwa na nukta, chuma king'oe.”

Kwenye bastola ya mashindano, sawa. Kwenye bastola ya kujilinda sioni faida ya kung'oa kitu kisicho na betri. Weka saiti za chuma ndefu kidogo zinazoonekana sehemu ya chini ya dirisha, nyeusi tupu zisizoshindana na nukta kwa mwanga. Hata nukta isipoonekana, kinara cha mbele humwonyesha anayeanza mdomo wa bastola uko wapi.

Wanaoogopa tope kwenye kioo wanasahau kwamba tuna macho mawili. Bandika utepe usiopitisha mwanga kwenye uso wa mbele wa lenzi, acha macho yote wazi: jicho moja linaona nukta, la pili linaona shabaha, na ubongo unaziunganisha. Glyn Bindon, mwanzilishi wa Trijicon, aliingia katika biashara hii mwaka 1981 akiagiza kutoka Afrika Kusini saiti ya Armson OEG, ambayo haikuwa na mahali pa kuchungulia kabisa. Ilitegemea macho mawili tu. Kwa baadhi ya watu risasi husogea kando kidogo, hasa kwa umbali mrefu, kwa hiyo lipime jambo hilo uwanjani kabla ya kulitegemea. Na kama mafunzo, utepe huo ni mwalimu mkali: anayetazama nukta badala ya shabaha ataumbuka papo hapo.

“Ya bei rahisi ni ileile, na shemeji yuko Dallas ataileta kwenye begi.”

Haya ni madai mawili na yote yanaumiza. Si kila saiti ya bei ndogo ni mbaya. Holosun wameonyesha kwamba kwa nusu ya bei ya RMR unaweza kupata kifaa kinachostahimili. Lakini zipo nakala za dola 40 zilizotengenezwa kwa bastola za kuchezea zinazorusha vidonge vya plastiki, zikiwa na umbo na hata maandishi ya kampuni kubwa. Juu ya slaidi ya 9mm hazimalizi boksi chache za risasi kabla nukta haijaanza kuhama. Bei ikiwa chini mno ya ile ya kampuni, namba ya mfululizo ihakikiwe kwa kampuni yenyewe kabla hujalipa.

Kuhusu begi, sheria za Marekani zinaziweka saiti za silaha, za nukta nyekundu zikiwamo, kwenye orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa zikitoka nje ya nchi, na kwa sehemu kubwa ya dunia hutakiwa kibali cha Wizara ya Biashara. Shemeji anayeifunga kati ya nguo anaweza kujikuta na kesi kwa sababu ya kitu chenye uzito wa gramu 34. Huku nako, mwenye leseni Kenya yuko chini ya Sheria ya Silaha, sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uliza kwa maandishi kabla ya kuagiza, ununue kwa muuzaji mwenye leseni atakayeshughulikia vibali vya pande zote mbili, na utunze risiti yenye namba ya mfululizo pamoja na cheti cha bastola. Siku saiti itakapohitaji kurudishwa kiwandani kwa matengenezo, karatasi hizo ndizo utakazoulizwa.